Msiniletee Tena Majoka

Joka jingine. Jumamosi iliyopita mmeniletea joka jingine, na hili nalo linatema moto, linalinda dhahabu, linaishi kwenye ngome yenye theluji hadi madirishani. Nikamuuliza mwenye joka lake: theluji umewahi kuigusa? "Hapana Bibi, lakini huwa naiona." Huwa anaiona! Hata mimi huwa naiona kule kileleni mwa mlima, mawingu yakipenda, nikiwa nafua hapa uani Majengo. Kuiona kwa mbali huku mikono imejaa povu hakujanifanya mjuzi wa theluji.

Nimechoka kusema jambo lilelile kwa mmoja mmoja, ndiyo maana nimeamua kuliandika. Someni wote, ili mkija tena tusianze mwanzo. Mimi nimefanya kazi ya hadithi za ajabu tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu. Nimeandika za kwangu gazetini wiki baada ya wiki, nimehariri za wengine, na nimewahi kukaa na mtu siku nzima tukibishana kama zimwi lake lina haja ya kope. Macho yamechoka na magoti yamechoka, ndiyo maana nimeshuka kutoka Kibosho nikapanga chumba hapa mjini. Hasira peke yake ndiyo haijastaafu.

Sasa tuanze na hili la ndoto. Mtu unanisomesha hadithi mchana kutwa, maharage yangu yanaungua jikoni, nataka kujua kama yule mtoto atatoka ndani ya jiwe au hatoki, halafu ukurasa wa mwisho unaniambia kumbe ilikuwa ndoto. Kumbe! Basi rudisha maharage yangu. Na yule bibi kizee mchawi mwenye jino moja, anayekaa peke yake, ambaye hamuachi hata hadithi moja ipite bila yeye. Mnanisomea hayo mimi, bibi kizee ninayekaa peke yangu, uso kwa uso, huku mnakunywa chai yangu.

Mnadhani hadithi ya ajabu ni rahisi kwa kuwa kila kitu unabuni. Ni kinyume chake. Ukiandika kwamba mtu aliingia dukani, msomaji anakusaidia kazi, duka analijua. Ukiandika kwamba aliingia ndani ya mwamba na mwamba ukafunga, hakuna wa kukusaidia. Itabidi uniambie mle ndani mnanukaje, na huyo mtu akibanwa na haja anakwenda wapi.

Haya sikuyavumbua mimi. Nilifundishwa na Mzee Hamadi, Mungu amrehemu, aliyekuwa na mashine yake ya kuchapa hapa mjini nyuma ya msikiti na alikuwa mhariri wa gazeti letu dogo la wiki. Nilimpelekea hadithi yangu ya kwanza nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Ilihusu kijana wa Kibosho aliyeota mabawa, akaruka hadi kileleni, akarudi na kutua uani kwa wakwe zake, akaanza kuwahutubia watu yale aliyoyaona juu. Mzee Hamadi aliisoma yote, taratibu, na kahawa yake pembeni. Nikasubiri sifa.

"Huyu ameruka," akasema. "Haya, nimekubali. Ametua uani kwa mkwewe. Nimekubali. Mbona hajapiga hodi?"

"Ana mabawa, Mzee."

"Ndiyo mabawa yamemkataza? Mama mkwe yuko jikoni, mkwe kashuka kutoka mawinguni, hapana hodi, hapana shikamoo, hapana za huku. Moja kwa moja anahutubia! Binti yangu, mabawa nimeyaamini. Utovu wa adabu wa namna hiyo siwezi kuuamini."

Nilitoka pale nimefura. Nilipanda na hasira zangu mpaka nyumbani, na nilipofika nikaichukua ile hadithi kwa nia ya kujihakikishia kwamba yeye ni mzee asiyeelewa sanaa. Nikamfanya kijana apige hodi, basi, kumridhisha. Mama mkwe akajibu "karibu" kabla ya kugeuka kutazama. Akageuka. Akayaona mabawa. Na kwa kuwa alikuwa ameshasema karibu, hakuweza tena kumfukuza, ikabidi amtafutie kigoda ambacho mabawa yataenea. Hadithi ikaanza kupumua palepale kwenye kigoda. Hotuba yote niliifuta, na hakuna aliyewahi kuiulizia.

Tangu siku hiyo najua, na nimewaambia mpaka koo limekauka, kwamba msomaji wetu atakubali jambo lolote lisilowezekana, ila hatakubali jambo lisilofanyika. Mtu kuruka, haiwezekani, lakini tunapokea. Mkwe kutosalimia, haifanyiki, na hapo umenipoteza.

Jambo la pili nililipata kwa mama mkwe wangu mwenyewe, bila yeye kujua. Alikuwa na kazi ya kumenya ndizi za mtori kila siku, na mimi nilikuwa namsomea huku akimenya. Mkono wake ukisimama na ndizi ikabaki nusu ganda, nilijua hapo ni pazuri, pasiguswe. Akiongeza kasi ya kumenya, nilijua hapo nimejaza maneno. Na akiuliza, "Na yule ng'ombe, nani alimkatia majani siku zote hizo?" nilijua nimesahau ng'ombe. Hakuna kompyuta itakayokuuliza habari za ng'ombe. Ninyi mnasomeana wenyewe kwa wenyewe kwenye simu, mnapeana vidole gumba na alama za moto, kisha mnakuja kwangu mkishangaa kwa nini nakunja uso. "Bibi, lakini watu wamesema ni noma!" Watu gani? Wana ng'ombe?

Na kuna Daudi. Daudi wazazi wake walitoka Iringa wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini, akazaliwa hukohuko tambarare. Alinilalamikia kwamba hana hadithi za mlima, ndiyo maana anaandika habari za sayari. Nikamuuliza wanapochoma miwa kabla ya kuvuna, ni nini kinachokimbia kutoka humo. Akasema panya, nyoka, sungura. Nikamwambia, na kingine. Akanitazama. Aliporudi alikuwa na hadithi ya kitu kinachotoka kwenye miwa kila msimu, kinapanga foleni na vibarua asubuhi, kinapewa panga kama wengine, na hakuna msimamizi anayethubutu kukiuliza jina. Mpaka leo sipendi kupita kando ya miwa. Sayari zilikwenda wapi? Hata yeye hazikumbuki.

Lakini nimekaa chini kuandika haya kwa sababu ya Felista, na wengi wenu mnajua nusu tu ya habari yake. Nimemwomba ruhusa, ameniruhusu.

Felista ni yule anayeshona kwenye kibaraza cha jirani yangu, kwao ni Kirua Vunjo. Alinijia na hadithi ya shujaa aitwaye Zorvan, mlinzi wa ulimwengu wa fuwele, aliyefunikwa na mwamba wa giza na kurudi kupitia lango la nuru akiwa na upanga. Nilisoma kurasa tatu nikavua miwani.

"Felista, huyu Zorvan ni nani?"

"Ni mhusika, Bibi."

"Ana mama?"

Akainamisha kichwa. Nikadhani amekasirika, na mimi nilikuwa tayari kukasirika zaidi yake. Kumbe analia.

"Ni kaka yangu Prosper," akasema.

Prosper alikuwa kifungua mimba wao. Alikwenda machimboni, udongo ukawaangukia, na mwili wake haukupatikana. Wale mnaotoka mlimani hamhitaji kuelezwa. Kwetu mtu anazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, katikati ya migomba, mahali ambapo mama yake akienda kukata ndizi anampita. Prosper hana kaburi. Nyumbani ni kama mtu ambaye bado yuko njiani. Na baba yake, Kirua nzima, mpaka leo anaitwa Baba Prosper.

Nilimwambia atoe lango la nuru. Atoe upanga, atoe fuwele, na jina lile la ajabu alirudishe alikolipata. Prosper arudi kwa barabara, mwezi wa Desemba. Hebu fikirini: Desemba barabara zote za kupanda zimejaa magari, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, kila mtu anarudi na kila uani kuna mbuzi anangoja Krismasi. Mfu akitaka kurudi bila kushtua watu, arudi Desemba. Nani atamhesabu?

Akaenda, akarudi. Nikamrudisha. Mbwa walimbwekea? Alilala kitanda gani, na anayekilalia sasa alihamia wapi? Mama yake alipomwona alifanya nini na mikono? Kuna siku alinijibu kwa ukali, "Bibi, kwani wewe huwa huridhiki?" Nikamwambia siridhiki, ndiyo kazi yangu.

Mwishowe akaniletea kitu. Prosper anafika jioni ya mkesha wa Krismasi na vumbi la machimbo mabegani. Mama anamletea beseni amnawishe miguu, na vumbi haliishi. Anamwaga maji, anateka mengine, na vumbi bado linatoka, na mama haulizi, anaendelea tu kunawisha. Halafu Prosper anasimama mbele ya baba yake akiwa na isale mkononi.

Kwa mliokulia mjini: isale ni lile jani refu linalopandwa mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu unakata jani, unalifunga fundo, unampelekea. Naye akiletewa hana budi kusamehe, hata kama ulimchomea nyumba. Kulikataa isale ni jambo ambalo watu wazima hawapendi hata kulitaja. Sasa Prosper na baba yake waligombana kabla hajaondoka. Kijana alitaka kung'oa mibuni mizee apande parachichi, baba akamfukuza. Felista alikuwa mdogo, alichokumbuka ni kelele tu. Kwa hiyo hadithini akamleta kaka yake na isale, na baba akalipokea papo hapo, wakakumbatiana.

Nikamwambia baba amepokea haraka mno. Hakuna mwanamume wa Kirua anayepokea haraka hivyo. Mwache asimame kidogo.

Akaiandika tena, na safari hii baba hakunyoosha mkono kabisa. Prosper anasimama uani na jani lake mpaka linaanza kunyauka, jogoo wanawika, anageuka kurudi alikotoka. Nilipomaliza kuisoma sikuwa na neno la kukosoa, na mnanijua. Tukaiweka ya kwanza kwenye kile kitabu chetu kidogo cha pamoja tunachokichapisha kabla ya Krismasi.

Felista akaenda kwao akamsomea mama yake jikoni. Baba alikuwa nje ya ukuta, anamkatia ng'ombe majani. Akaingia na panga mkononi, akasema neno moja tu: hiyo ikichapwa, Krismasi usije hapa.

Nataka mlielewe hilo. Mtoto wa mlimani anaweza kutukanwa, kunyimwa, hata kuchapwa akiwa mtu mzima, akayasahau. Lakini kuambiwa usije Krismasi ni kuambiwa huna kwenu. Felista alirudi Majengo macho yamevimba. "Itoe, Bibi," akasema. "Itoe tu yaishe." Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe. Nilimkasirikia yule mwanamume ambaye nilikuwa sijawahi hata kumwona, kwa kuua hadithi nzuri kuliko zote nilizopata kuletewa barazani. Na nilimkasirikia Felista kwa kukubali upesi. Lakini hadithi ni yake na baba ni wake. Nikasema tutaitoa.

Jumamosi iliyofuata, mkiwa bado hamjafika, Baba Prosper akaja mwenyewe. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani, maana mtu wa Kirua hata akija kukugombeza haji mikono mitupu. Felista alikuwa kwenye cherehani yake hapo kwa jirani, akasimama, akabaki hapohapo.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Marahaba, Baba Prosper. Karibu ukae."

Hakukaa. Alishusha mkungu mlangoni. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Nani alimwambia mtoto wangu?"

"Alimwambia nini?"

"Mambo ya isale."

"Hakuna aliyeniambia, baba," Felista akasema. "Nimetunga."

"Usinidanganye, mwanangu! Hayo hayatungwi. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, kule mferejini, kwenye mfongo, nafungulia migomba maji. Mama yako alikwenda sokoni, wewe ulikuwa shule. Alikuja na isale amelifunga vizuri kabisa, kama babu yake alivyomfundisha. Akanipa kwa mikono miwili. Sasa nani alituona? Nani?"

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona akiyasikia. Akatafuta mahali pa kushika, akashika nguzo ya kibaraza.

"Nililitupa majini," akasema, na sauti haikuwa tena ya ugomvi. "Akalitazama likienda. Kesho yake akaondoka."

Niliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Ule mkono usionyooshwa niliutaka mimi, kwa ajili ya hadithi tu, kwa kuwa ilikuwa inakwenda haraka. Felista alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona.

"Baba Prosper," nikasema hatimaye, "mtoto hakuambiwa na mtu. Na mara ya kwanza hakuandika hivyo. Mimi ndiye nilimwambia abadilishe."

"Mara ya kwanza aliandikaje?"

Nilimtazama Felista ajibu mwenyewe.

"Niliandika umelipokea, baba. Papo hapo. Halafu mkakumbatiana."

"Uliandika nimelipokea."

"Ndiyo. Nilijua ungelipokea."

Baba Prosper akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye ngazi ya kibaraza, akatugeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na hakuna kati yetu aliyekwenda kumgusa, maana huko kwetu mwanamume akilia unamwachia nafasi. Niliingia ndani kuweka chai, nikaiweka bila majani, nikaitoa, nikaanza upya. Niliporudi alikuwa amejifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hiyo ya kwanza naipata wapi mimi niisome?" akauliza.

"Niliifuta, baba. Bibi alisema ni mbaya."

Alinigeukia akanitazama, na naapa ilikuwa mara ya kwanza katika kazi hii kuogopa msomaji. Kisha akaamka, akapangusa suruali, akaukwepa mkungu wake mlangoni. Chai hakuigusa. Alipofika barabarani akasimama, bila kutugeukia sawasawa.

"Hii mliyonayo ichapeni, ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Ile nyingine iandike tena, Felista. Uje nayo nyumbani Krismasi."